Umepigiwa Simu ya "Umeshinda Likizo"? Soma Hii Kabla Hujasaini Timeshare

Hiyo simu huingia wakati hauna form yoyote. Uko stage ya Dundori, unangoja mathree ijae ndio ushuke tao, namba hujui inaita. Unashika. Ni dem, sauti safi kama ya redio: "Hongera, jina lako limechaguliwa. Umeshinda siku tatu Mombasa, wewe na mtu wako. Kuja tu uchukue vocha Jumamosi, hoteli fulani hapo Nakuru." Hulipi kitu, anakuambia. Kuja na bibi ama bwana, na kitambulisho.

Anti yangu alipigiwa hiyo simu. Na si mtu wa kuchezewa. Ameuza waru kwa mabroka miaka mingi, na broka wa waru ukimshinda akili hakuna mtu anaweza kukutisha. Alinibeba juu mimi ndio "najua mambo ya intaneti". Tuliingia saa nne asubuhi, tukatoka saa tisa. Tulikuwa tumekunywa soda mbili kila mtu, anti amelipa thao thelathini kwa M-Pesa, na amesaini karatasi kumi na moja ambazo hakuna mtu kati yetu alikuwa amesoma. Nitarudi kwa hiyo story. Kwanza tuelewane ni nini tulikuwa tumeuziwa.

Timeshare ni zamu, si nyumba

Unajua chama cha mzunguko? Watu kumi na wawili, kila mwezi mmoja anakula. Timeshare iko hivyo, tofauti ni kwamba kile mnakula ni siku. Nyumba ama chumba cha hoteli inakatwa kwa wiki 52 za mwaka, kila mtu anauziwa wiki yake. Wiki yako ikifika unaenda kulala huko. Ikiisha unatoka, mwingine anaingia. Hiyo wazo ilianzia Ulaya miaka ya 1960, ikashika sana Marekani, halafu ikasambaa mpaka kwa wasee wa Afrika wenye wanapenda bahari.

Iko za aina kadhaa na wauzaji hupenda kuzichanganya. Ya kwanza ni wiki fixed: wiki ya 33 ni yako kila mwaka, nyumba ni ile ile. Ya pili ni wiki ya kuelea, yaani uko na haki ya wiki moja lakini lazima u-book, na anayewahi ndiye anapata. Ya tatu ni pointi. Unanunua pointi kila mwaka, Desemba Diani inakula nyingi, Mei mvua ikinyesha inakula kidogo. Ya nne ndiyo imejaa sana siku hizi: klabu ya likizo. Hapo hata hakuna nyumba. Unalipa mpunga mrefu ndio uitwe memba, halafu unaahidiwa kwamba ukitaka hoteli yoyote utapata bei ya chini.

Hiyo ya nne ndiyo tuliuziwa. Anti alitoka kwa hiyo chumba akiamini amenunua sehemu ya nyumba Diani. Alikuwa amenunua ruhusa ya kuitisha discount.

Kama umekulia Dundori, Bahati ama Subukia, hii kitu unaijua kwa jina lingine. Miaka ya 1960 na 1970 wazee wetu walichangia kampuni za kununua mashamba ya wazungu. Ngwataniro ni jina kila mtu wa Nakuru amesikia, na NDEFFO pia, ya wale waliopigania uhuru. Ulilipa hisa, ukapewa cheti, ukangoja shamba ikatwe. Wengi walikatiwa na ndiyo sababu mimi na wewe tuko hapa tukila waru. Wengine walibaki na karatasi, na kesi zingine zikazeeka kuliko wenye kesi. Guka alikuwa na cheti kimoja cha hivyo, cha kampuni ambayo sitaitaja. Shosho bado anakiweka kwa sanduku, kimekunjwa ndani ya Biblia. Anti ni msichana wa huyo guka. Ungedhani familia yetu imechanuka kwa hii mambo ya karatasi.

Lakini angalau cheti ya guka ilikuwa na matumaini ya udongo. Timeshare nyingi hazina udongo. Unapata haki ya kutumia, kwa miaka fulani, kwa masharti ya mwenye nyumba.

Piga hesabu ukiwa kwenu, na kalamu yako

Pale ndani huwa wanakuandikia hesabu kwa karatasi kubwa, na marker. "Hoteli ni thao ishirini usiku mmoja. Mara siku saba, mara miaka ishirini. Unaona? Utatumia karibu milioni tatu. Sisi tunakupea kwa laki nne na nusu." Unaskia kama ungekuwa mjinga kukataa.

Wanaacha kitu moja nje: ada ya kila mwaka. Iite ada ya matunzo, ya usimamizi, ya uanachama, vile wanataka. Hiyo unalipa uende likizo usiende. Na inapanda.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Namba ni zangu, wewe utaweka za mkataba wako. Bei ni 450,000. Ada ya mwaka wa kwanza ni 28,000. Mkataba unasema ada inaweza kupanda 8% kila mwaka, ni miaka 20.

Mwaka wa kumi ada yako imefika kama 56,000. Mwaka wa ishirini imefika kama 120,000 na kitu. Ukijumlisha ada peke yake kwa hiyo miaka yote unapata kama 1,281,000. Ongeza ile 450,000 ya kwanza. Umetumia zaidi ya 1,731,000 kwa wiki ishirini, ambayo ni kama 86,500 kwa wiki, ama 12,400 kwa usiku. Na hapo hujakula, hujafika, hujanunua hata madafu. Nauli kutoka Dundori hadi Nakuru, Nakuru hadi Nairobi, halafu SGR, ni yako. (SGR ya kawaida hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024. Ferry ya Likoni ukitembea kwa miguu ni bure. Hiyo ndiyo discount ya kweli nimewahi kupata Pwani.)

Sasa geuza hesabu. Chukua hiyo 450,000 uiweke MMF ama sacco. Tuseme inaleta 10% kwa mwaka. Hiyo ni 45,000, serikali inakula 15% ya faida, unabaki na 38,250. Kila mwaka. Hiyo unaenda nayo likizo na ile laki nne na nusu bado iko pale. Na kumbuka hulipi ile 28,000 ya ada, so ukiongeza hiyo juu uko na kama 66,000 ya kuenda popote unataka, mwezi wowote, ama usiende kabisa juu ng'ombe ni mgonjwa.

Hii ndiyo hesabu nilimwonyesha anti usiku ule, tukiwa jikoni, na kalamu ya Bic. Alinyamaza. Halafu akaniuliza mbona sikuisema pale hotelini. Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimeshikwa. Nilikuwa naona tu picha ya swimming pool.

Kuna watu hii hesabu inawakubali, na sitakudanganya. Kama nyinyi ni familia ya watu sita, mnaenda mahali pamoja kila Agosti bila kukosa, nyumba iko na vyumba vitatu na jikoni, na ada imefungwa kwa mkataba isipande ovyo, inaweza kuwa poa kuliko kulipa vyumba vitatu vya hoteli kila mwaka. Lakini niambie ukweli: ni mwaka gani ulijua mwezi wa kwanza utakuwa wapi mwezi wa nane? Kama wewe uko kwa hustle, huna off ya uhakika, huna hata hakika ya keja mwaka ujao, unanunua kitu cha mtu mwenye maisha tofauti na yako.

Ile chumba imejengwa ukose kufikiria

Sitakaa sana hapa. Utaambiwa ni dakika 90, itakuwa masaa matano. Muziki uko juu. Kila baada ya dakika kadhaa meneja anapiga kengele, watu wanapiga makofi juu familia fulani "imejiunga". Ukisema bei ni kali anakuja mwingine, mkubwa kidogo, anaishusha. Ukikataa tena anakuja wa tatu na "ofa ya leo tu". Wa tatu wetu alimwita anti "mathe" na akamuuliza, mbele ya watu, kama hapendi watoto wake. Wanataka mje wawili juu ukisema "acha niende niongee na bwana yangu" hawana jibu.

Ofa ambayo inakufa jioni si ofa ya kununua kitu cha miaka ishirini. Wewe ukiuziwa ng'ombe na mtu amekataa uite daktari aiangalie kesho, ungelipa?

Na ile vocha? Soma nyuma. Ya kwetu ilitaka ulipe "ada ya kuhifadhi nafasi", usafiri ni wako, na hairuhusiwi Desemba, Aprili, Agosti, wala wikendi ndefu.

Sheria iko na wewe, na watu wengi hawajui

Hapa ndio nataka uwe makini, hata kama umeruka zingine zote.

Kenya iko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Imesimama juu ya Kifungu cha 46 cha Katiba, kile kinasema mnunuzi ako na haki ya kupewa habari kamili na kulindwa kwa mambo ya pesa. Ndani ya hiyo sheria timeshare imetajwa kwa jina. Na haitaji tu zile za nyumba. Inasema ni mkataba wowote ambao unakupea haki ya kutumia mali kwa zamu na watu wengine, mali ikuwe Kenya ama nje, na pia mkataba ambao unakupea discount ama faida za baadaye kwa usafiri, malazi na vitu vingine vya safari. Hiyo ya pili ni klabu ya likizo. So mtu akikuambia "hii si timeshare, hii ni membership", mbele ya sheria hajasema kitu.

Sasa hizi ndizo haki zako. Mkataba lazima uandikwe na upewe kopi yako. Tangu siku umepokea hiyo kopi uko na siku kumi za kubadilisha mawazo, bila kutoa sababu yoyote. Hauhitaji kuthibitisha walikudanganya. Unasema tu nimetoka. Kama hawakukupea kopi inayofuata masharti ya sheria, uko na hadi mwaka mmoja tangu siku ulisaini. Hizo haki haziwezi kuondolewa na mkataba. Kile kisanduku cha chini chenye kinasema "pesa hairudishwi" na "mteja amekubali kupoteza haki ya kughairi" ni wino tu. Na pale maneno ya mkataba yanaweza kusomeka njia mbili, sheria inasema isomwe ile njia inakusaidia wewe.

Ukitoka, toka kwa maandishi. Barua fupi, hivi: jina lako, namba ya mkataba, tarehe ulisaini, tarehe ulipewa kopi, na sentensi moja, "Naghairi mkataba huu na naomba pesa zangu zote zirudishwe." Tuma kwa barua pepe, tuma pia kwa posta ya rejista, na upeleke moja kwa mkono ofisini wagonge muhuri kwa kopi yako. Hiyo ya muhuri ndiyo iliokoa anti.

Tuligundua hii mambo siku ya tano. Mimi niliacha college mwaka wa pili na sheria sijasomea hata siku moja, lakini ile Sheria iko kwa intaneti bure, na nilikuwa na bundles za usiku. Siku ya sita tulishuka Nakuru na barua. Dem wa mapokezi alituambia meneja hayuko. Tukakaa. Saa saba meneja akapatikana. Akasema depositi hairudi, iko kwa mkataba. Anti hakusema mengi. Aliweka barua mezani, akaonyesha mahali nimechora na biro, akasema, "Mimi nangoja muhuri tu, si pesa. Pesa mtaniletea." Muhuri ukagongwa. Pesa ilirudi mara mbili, thao kumi baada ya wiki tatu, ishirini baada ya wiki zingine nne na simu kama hamsini.

Wakikataa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza kesi za hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili, unajisimamia mwenyewe. Beba mkataba, barua yenye muhuri, na ile meseji ya M-Pesa. Usifute hiyo meseji hata simu ikijaa.

Kwa wale wenu wako na familia Ulaya: huko sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2008 inatoa siku 14, na muuzaji haruhusiwi kuchukua hata depositi kabla hizo siku ziishe. Na Uhispania, ambako visiwa vya Canary vimejaa hizi wiki, Mahakama ya Juu iliamua 2015 kwamba mikataba ya milele, ile ilipita miaka 50 ambayo sheria yao inaruhusu, haina nguvu. Waingereza wengi walikuwa wameuziwa wiki ambazo hata watoto wao wangerithi na ada yake. Kama cuzo wako huko Leeds anataka kukuandikisha kwa yake "ndio muwe mnakuja wote", muulize kwanza iko na miaka mingapi.

Kama bado unataka, fanya hivi

Toka kwa hiyo chumba na mkataba ambao hujasaini. Wakikataa kukupea uende nao nyumbani, umeshapata jibu lako na imekucost nauli tu.

Tafuta kampuni kwa eCitizen. Kuna stakabadhi inaitwa CR12, inaonyesha wenye kampuni ni nani na ilisajiliwa lini. Kampuni ya miezi nane inauza likizo ya miaka ishirini? Angalia pia kama jina la CR12 ndilo liko kwa mkataba, na ndilo linatokea ukilipa paybill. Kwetu yalikuwa majina matatu tofauti. Kwa hoteli yenyewe, uliza leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA.

Halafu nyumba. Omba namba ya ploti na ufanye search kwa ofisi ya ardhi, vile ungefanya ukinunua eighth hapa Lanet. Unaangalia vitu viwili. Moja, jina la mwenye ploti ni la hiyo kampuni ama ni la mtu mwingine? Mbili, kuna benki imeandikwa hapo? Kama hoteli imechukuliwa loan na ploti ndiyo dhamana, siku mambo yakiharibika benki inalipwa kwanza. Wewe na wiki yako ya 33 mko nyuma kwa laini, na hiyo laini mara nyingi huishia na watu kuambiwa pole.

Soma ile sehemu ya ada mara tatu. Nani anaamua inapanda na pesa ngapi? Kuna kikomo? Ukikosa kulipa mwaka mmoja wanafanya nini, wanakunyang'anya wiki ama wanakudai na riba? Kuna ada ya ziada paa likitoboka?

Uliza kuhusu siku mbaya. 2020 corona ilifunga mahoteli na watu wakafungiwa kaunti zao. Mwaka huo huo maziwa ya Rift Valley yalikuwa yamefura, Baringo maji yakaingia kwa mahoteli ya ufuoni, na Naivasha watu wakahama manyumba. Kama zamu yako ingekuwa hapo, mkataba unasema nini? Ada inasimama? Wiki inasukumwa mwaka ujao, ama imeenda na maji? Wauzaji huchukia hilo swali, kwa hivyo liulize.

Uliza pia kuhusu kubadilishana. Utaambiwa "ukichoka na Kilifi unabadilisha na Dubai." Hiyo kitu iko, ya ukweli. RCI, ambayo imekuwa ikifanya hivyo tangu 1974 kule Marekani, hubadilishana wiki za watu duniani kote. Lakini unalipa uanachama, unalipa tena kila ukibadilisha, na wiki yako inapimwa. Wiki ya Mei Pwani, mvua ikipiga, haitakuletea Krismasi ya Dubai. Na uthibitishe hoteli yako imesajiliwa huko, kwa kuuliza RCI wenyewe, si muuzaji.

Ya mwisho ndiyo kali zaidi: utatokaje? Kuuza wiki yako ni ngumu. Marekani na Uingereza watu huweka zao mtandaoni kwa dola moja, ndio tu waachane na ada. Hapa kwetu hata soko lenyewe la kuuzia huwezi kuliona. Kwa hivyo usiite hii investment. Lakini hiyo shida ya muuzaji inaweza kuwa raha yako: kama kweli unataka wiki mahali fulani, tafuta mtu ambaye tayari anayo na amechoka. Atakupea kwa sehemu ndogo ya bei ya kwanza. Hakikisha tu hana deni la ada, na kampuni imekubali kwa maandishi kubadilisha jina.

Anti alienda Diani

Alienda Aprili iliyofuata, na wamama tisa wa chama yao. Walichanga thao tatu kila mwezi kwa mwaka, hiyo ni 36,000 kila mtu, laki tatu na sitini jumla. Walikodi nyumba moja kubwa yenye mpishi, wakabeba waru na minji zao kutoka Dundori kwa gunia, juu hawaamini waru ya Pwani. Treni walikaa pamoja wakiimba mpaka mtu wa behewa akakuja. Pesa ilibaki wakagawana.

Lakini namba yake bado iko kwa orodha ya mtu. Kwa sheria ya data ya 2019 unaweza kuwaambia wakufute, na tuliwaambia, lakini hizo namba huuzwa kama nyanya. Ukishawahi kusaini hata mara moja, unaanza kupigiwa na kundi lingine: wale wa "tumepata mnunuzi wa timeshare yako, tuma tu thao nane ya kuprocess". Hakuna mnunuzi. Ukituma hiyo nane, wiki ijayo kutakuwa na kodi ya elfu kumi na mbili.

Walimpigia anti wiki jana. Msee akamwambia kuna mzungu anataka wiki yake ya Diani kwa laki saba. Anti alikuwa anakamua. Akaweka simu kwa loudspeaker juu ya ndoo, akamwambia, "Sawa kijana wangu, mwambie akuje Dundori na cash, nitamwonyesha wiki yangu." Mpaka sa hii hajafika.